Unasikia Maumivu Wapi?

Kwa Kiswahili mtu husikia kwa mwili mzima. Husikia njaa, husikia baridi, husikia kizunguzungu. Mjamzito akifikiwa na saa yake husema anasikia uchungu, na aliye karibu humuuliza anausikia wapi, kiunoni au tumboni. Katika maneno hayo sikio halina kazi yoyote. Lakini lugha hiyohiyo hubadilika sura ikifika kwenye malezi. Mtoto msikivu ndiye mwenye adabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Kutosikia kumefanywa jina jingine la ukaidi. Kiziwi wa pwani yetu hukua katikati ya maana hizi mbili: moja inakiri kwamba mwili wake unasikia kama wa wenzake, nyingine inamtuhumu kabla hajakosa.

Nimekuwa nikizifikiria maana hizo kila nikijiuliza jambo ambalo mezani mjini laonekana dogo: kiziwi aliye Mahurunga, usiku, akiwa hatarini, ataombaje msaada kwa simu? Na watu wa mahali pengine, wenye desturi zao, wamelijibuje?

Mahurunga ni kata ya Wilaya ya Mtwara, upande wa kusini kabisa, jirani na mahali Mto Ruvuma unapofikia Bahari ya Hindi. Ng'ambo ni Msumbiji. Ni nchi ya mabonde ya mpunga, mikorosho, mikoko na maji yanayopanda na kushuka, na mtoni wamo mamba na viboko. Hatari hapa haihitaji kuelezwa kwa mbali. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, watu wa mabondeni mkoani Mtwara walitakiwa wahamie mahali pa juu na penye usalama. Tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, upande wa pili wa mto. Oktoba 2020 wavamizi wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka huko wakaishambulia Kitaya, kijiji cha ukanda huuhuu. Tangazo la kimbunga huja kwa redio na kipaza sauti. Mlio wa risasi nao ni tangazo, tena la haraka kuliko yote. Yote mawili huingilia sikioni.

Na si mambo ya jana tu. Desturi zetu za kale za kuitana kwenye hatari zilijengwa zote juu ya sauti. Pwani kulikuwa na mbiu, pembe iliyopigwa kuwakusanya watu, nasi bado tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kulikuwa na ngoma. Kulikuwa na yowe, ambalo lipo hadi leo na halihitaji salio. Ukilitazama yowe kwa makini, hata hivyo, utaona lina sehemu mbili. Ya kwanza ni sauti. Ya pili ni miguu. Mtu akipiga yowe, wanaosikia hutoka mbio, na aliyekaa bila kutoka atakuja kuulizwa. Kiziwi hakosi sehemu hii ya pili. Anaona majirani wanakimbilia mtoni, anaona wanawake wanabeba watoto, anashikwa bega. Ndani ya dakika moja yowe limeacha kuwa la sikio, limekuwa mwendo wa watu, na mwendo huonekana. Naye akiwa ndiye mwenye shida, sauti yake, hata isiyo na maneno, inatosha kuwatoa watu ndani. Yowe halina haja ya sarufi.

Simu imeondoa sehemu hiyo ya pili. Inaichukua hatari kutoka kijijini na kuipeleka kwenye sikio moja lililo mbali, huku jirani wa ukuta kwa ukuta akiendelea kulala. Kwa anayesikia huo ni ufupisho wa njia. Kwa kiziwi ni kuhamishwa kwa msaada kutoka mahali alipoweza kuufikia.

Historia ya simu ina doa hili tangu mwanzo. Alexander Graham Bell, aliyepata hati ya ubunifu wa simu mwaka 1876, alikuwa mwana wa mama kiziwi, akawa mume wa mwanamke kiziwi na mwalimu wa viziwi. Alikuwa pia mtetezi mkubwa wa kuwafundisha viziwi kutamka kwa mdomo badala ya kutumia mikono. Miaka minne baadaye mkutano wa walimu uliofanyika Milan ukaazimia kwamba lugha ya alama iondolewe madarasani, na shule nyingi duniani zikafuata. Kwa hiyo katika kipindi kimoja dunia ilipata chombo cha kupeleka sauti mbali, na viziwi wakaambiwa wafiche mikono yao.

Namba za dharura zilikuja zikitembea juu ya waya huohuo. Mwaka 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole, London, wakafa wanawake watano. Jirani aliyepiga simu kuwaita zimamoto aliwekwa kwenye foleni pamoja na wapigaji wengine. Kutokana na vifo hivyo ikazaliwa 999, mwaka 1937. Marekani ilianza 911 mwaka 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Kila mara wazo lilikuwa lilelile: sauti ya mwenye shida isingoje. Aliyekosa sauti hakuwamo katika hesabu.

Viziwi wa Marekani walianza kujitafutia wenyewe. Mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi, alitengeneza kifaa cha kuunganisha simu na teleprinta kuukuu, zile mashine nzito ambazo makampuni yalikuwa yameanza kuzitupa. Mtu alichapa huku, maneno yakatoka kule. Lakini ilibidi aliye upande wa pili naye awe na mashine. Ndipo ukaja utaratibu wa mtu wa kati anayesoma maandishi ya kiziwi na kuyatamka kwa anayesikia. Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya mwaka 1990 iliyalazimisha makampuni ya simu kuutoa utaratibu huo nchi nzima, na kufikia miaka ya 2000 picha ya video ikachukua nafasi ya maandishi. Sasa kiziwi anampigia mkalimani kwa video, mkalimani anaipiga 911, na anabaki katikati, mikono upande mmoja, sauti upande mwingine.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana watu wengi wetu tukisikia habari hii tunasema, tukipata teknolojia kama hiyo tatizo limekwisha. Tazama kwanza mkalimani huyo yuko wapi. Anaweza kuwa kilomita elfu mbili kutoka kwenye nyumba inayoungua. Hamjui mpigaji, hajui mji, na simu iliyotangulia huenda ilikuwa ya mtu anayeagiza chakula. Ni mwajiriwa wa kampuni, na kampuni inalipwa kwa dakika kutoka mfuko maalumu unaochangiwa na biashara ya simu. Kanuni zimejaribu kuziba nyufa: simu ya 911 hupewa kipaumbele kwenye foleni, na mteja hutakiwa kuandikisha mahali anapoishi ili simu ifike kwenye kituo cha eneo lake. Ni kazi kubwa, na imeokoa watu. Lakini mzigo unabaki pale pale. Ofisi ya dharura yenyewe haikujifunza kitu. Imebaki ya masikio, na mtu mgeni ndiye anayebeba uzito wa kuamua, katika sekunde, kama mkono uliofumbwa mbele ya kifua unasema kubanwa, kuchomwa au kukosa pumzi.

Maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Katika lugha za alama, maumivu hayatajwi hivi hivi tu. Mara nyingi alama ya kuuma hufanywa palepale panapouma. Muulize kiziwi anasikia maumivu wapi, naye atakuonyesha kwa vidole, chini ya mbavu, upande wa kulia, huku uso ukieleza ukali wake. Sentensi nzima imeshatoka. Mkalimani akiwa mchovu atasema "tumbo linamuuma". Daktari anayepokea neno tumbo peke yake amepoteza nusu ya habari.

Uingereza ilifika kwenye video mwaka 2022, tarehe 17 Juni, kwa huduma iitwayo 999 BSL: bure, saa zote, kwa programu ya simu au tovuti, kwa gharama ya makampuni ya mawasiliano. Ni mpango wa Kimarekani ulionyooshwa zaidi, basi.

Ufaransa ndiko nilikokuta jibu la aina nyingine. Tangu Septemba 2011 Wafaransa wana namba ya dharura kwa viziwi na wasiosikia vizuri, nayo ni 114. (Kwetu Tanzania 114 ni namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.) Ilianza kwa ujumbe mfupi na faksi, video ikaongezwa baadaye. Kituo chake kiko katika hospitali ya chuo kikuu mjini Grenoble, na katika wapokeaji wake wamo viziwi wenyewe. Kiziwi aliye hatarini anamkuta kiziwi mwenzake aliyefundishwa kazi ya dharura. Hapo hakuna tafsiri. Kuna maswali ya mtu anayejua kuuliza kwa lugha hiyo tangu utotoni, anayejua kwamba hofu huharakisha mikono kama inavyoharakisha ulimi. Mwenzake anayesikia, aliye pembeni, ndiye anayeinua simu na kuliita gari la wagonjwa la mji husika. Ukalimani bado upo, lakini umehamishwa. Haukai tena kati ya mgonjwa na anayemuuliza. Unakaa baina ya wafanyakazi wawili wa ofisi moja, wote wawili wakiwajibika kwa jambo moja.

Kwangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya video na maandishi. Kila jamii inayojibu swali hili inaamua mkalimani akae wapi, na akishawekwa hapo, hatari inakuwa yake. Marekani ilimweka kwenye kampuni. Ufaransa imemweka ndani ya ofisi ya dharura. Mahurunga, kama vijiji vyetu vingi, imemweka nyumbani, na kwa kawaida ni mtoto.

Si kwamba Afrika Mashariki ilikawia kwenye sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitaja ukuzaji wa lugha ya alama, wakati mataifa mengi tajiri yalikuwa hayajafanya hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ina Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoanzishwa miaka ya 1980, na ina Lugha ya Alama ya Tanzania ambayo Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitungia kamusi mwaka 2004. Tumezoea kumwona mkalimani kwenye kidirisha pembeni ya runinga. Lakini mkalimani wa kidirishani anazungumza na taifa. Huwezi kumwambia mwanao anatapika damu.

Tena lugha hiyo hujifunzwa hasa shuleni, na shule za viziwi zilichipuka mbali na Ruvuma: Tabora mwaka 1963, Buguruni mwaka 1974. Alama zilitofautiana kati ya shule na shule. Kiziwi ambaye hakupelekwa popote ana alama za nyumbani kwao, zilizoundwa na mama, bibi na ndugu, zinazojulikana na watu kumi au ishirini. Ng'ambo ya mto ipo lugha ya alama ya Msumbiji. Kwa hiyo hata tukiweka leo mkalimani hodari wa video Dar es Salaam, huenda akamtazama mama wa Mahurunga asimwelewe, wakati binti wa miaka tisa aliyesimama kando anaelewa kila kitu.

Pwani hii inaijua kazi ya ukalimani wa mnyororo. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kufikishwa India, ndiye aliyekuwa kiungo cha msafara wa wapelelezi Burton na Speke wa 1857 hadi 1859. Speke alisema naye Kihindustani. Bombay akakigeuza Kiswahili. Na bara ndani, Kiswahili hicho kikageuzwa tena na mwingine. Ulikuwa mnyororo dhaifu, wenye kupoteza maneno kwenye kila pete. Lakini Bombay alikuwa anatembea katika njia ileile na wale aliowasemea. Kiu yao ilikuwa kiu yake. Neno likikosewa, naye alilala njaa. Mkalimani wa desturi zetu ni msafiri mwenza, na nadhani ndiyo sababu tunaona ajabu kumkabidhi mgonjwa wetu kwa sauti isiyo na jina.

Kuna jamii zilizopita njia nyingine kabisa, ambako ukalimani haukuhitajika. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, uziwi ulirithiwa kwa vizazi. Mtafiti Nora Ellen Groce alikadiria kwamba karne ya 19 mtu 1 kati ya 155 alizaliwa kiziwi, na katika mji wa Chilmark 1 kati ya 25. Waliosikia nao walijua alama. Wavuvi walizitumia kuzungumza kutoka chombo hadi chombo, mahali ambapo upepo ungemeza sauti. Adamorobe, kijiji cha Ghana, nacho kina lugha yake ya alama ambayo wanaosikia hushiriki. Mtu wa Mahurunga anayevua kwenye mlango wa mto angeuona upesi umuhimu wake: baharini sote ni viziwi kidogo. Hata hivyo sitaki kulifanya jambo hili jepesi. Martha's Vineyard ilipoanza kuoa na kuolewa nje, lugha ile ilififia na kutoweka. Kijiji chenye kiziwi mmoja au watatu hakitaumba lugha ya kisiwa kizima.

Basi turudi kwa mtoto. Tuseme mama kiziwi ana mimba ya miezi minane, anaanza kuona damu. Tanzania ina mfumo wa m-mama: namba 115, bila malipo, na madereva wa kijamii walioandikishwa kuwapeleka wajawazito na watoto wachanga kituoni pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali. Ni mfumo unaofanana nasi zaidi kuliko huduma zote nilizozitaja, kwa sababu umeurudisha mwendo wa miguu kwenye yowe: anayekuja ni mtu wa karibu mwenye gari. Binti anapiga. Anaanza na "Shikamoo", kama alivyofunzwa, na upande wa pili unaitika "Marahaba mwanangu, kuna nini?" Mwamerika angeiona salamu hiyo ni sekunde zilizopotea. Mimi naiona ni mkono begani, kwani mtoto aliyeitikiwa hupata pumzi ya kusema.

Kisha yanakuja maswali. Mimba ya miezi mingapi? Damu imeanza lini, nyingi kiasi gani? Mtoto anacheza tumboni? Binti wa miaka tisa sasa anatakiwa amuulize mama yake mambo ambayo kwa mila za hapa hayasemwi mbele yake mpaka awekwe unyago. Atauliza mawili, la tatu ataliruka kwa aibu, au atajibu mwenyewe ili aonekane amejua. Hakuna wa kumlaumu. Lakini mimi siwezi kuuita huu ukarimu wa familia za Kiafrika, kama wengine wanavyopenda kuusifu. Ni mtoto aliyeachiwa kazi ambayo Ufaransa imeiajiria watu wazima.

Ujumbe mfupi ungesaidia walio na shule, na ungefanya kazi hata kwa kitochi. Wale wasiosoma wana njia ambayo sote tumeitumia: kubipu. Simu inayolia mara mbili na kukatika ni alama, haina neno hata moja, na familia nyingi tayari zina mapatano yao juu yake. Kiziwi anaweza kubipu. Kinachokosekana ni wa kubipiwa anayejua maana yake: mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye orodha ya nyumba za viziwi wa kata yake, aliyejifunza alama za nyumba hizo kwa kukaa nao kabla ya siku ya hatari, ambaye akiona namba ile anatoka, na njiani ndiye anayezungumza na 115. Huyo angekuwa mkalimani wa aina ya Bombay, wa kusafiri nawe. Na kule kwenye chumba cha kupokelea simu, ningependa kumwona kiziwi aliyesoma Tabora au Buguruni ameketi kwenye kiti chake chenye mshahara, kama wenzake wa Grenoble. Hata dereva angefundishwa jambo dogo: kwamba akifika asikae kwenye gari akipiga honi, bali awashe taa mlangoni.

Taa ni kitu kimoja ambacho sijakikuta katika maelezo ya huduma hizo za ng'ambo, labda kwa sababu huko usiku una swichi. Lugha ya alama haisemwi gizani. Katika nyumba isiyo na umeme, au umeme ukiwa umekatika, mama na binti huzungumza kwa tochi ya kitochi. Binti anaielekeza kwenye mikono ya mama, anaona vidole vinaonyesha chini ya kitovu, upande wa kushoto, anaona uso. Kisha sauti ya upande wa pili inauliza tena, na inambidi aiinue simu aipeleke sikioni ili asikie swali. Mwanga unapanda darini. Mama bado anaonyesha panapouma, na hakuna anayemwona.